Maisha ya Badshah Khan katika kitabu cha sauti: sura 22, na ile moja iliyonikwamia

Kwa wiki tatu nzima, kila usiku baada ya shughuli za siku, nimekuwa nikisikiliza kitabu cha sauti kinachosimulia maisha ya Khan Abdul Ghaffar Khan, yule Mpashtuni aliyewaongoza watu wa mpaka wa kaskazini-magharibi wa India, enzi za ukoloni, wakamkabili Mwingereza bila bunduki wala rungu mkononi. Nilikinunua kwenye duka la mtandaoni, nikakipakua kwenye simu, nikakisikiliza chote, sura 22, na baadhi ya sura nimezirudia mara mbili au tatu. Duka lenyewe na kampuni iliyokirekodi sitazitaja, kwa sababu ninayo malalamiko juu ya huduma yao na sina nia ya kumchongea mtu. Ninachotaka ni msikilizaji anayetafuta kitabu cha namna hii ajue akikague wapi kabla hajatoa fedha zake.

Hukumu yangu naitoa mapema. Kitabu hiki ni kizuri sana pale kinapomwacha Badshah Khan asimame kwenye ardhi yake mwenyewe, miongoni mwa watu wake na dini yake, na kinapwaya kila kinapomgeuza kuwa kivuli cha Gandhi. Kinapwaya zaidi kinapoufikia mwaka 1947, kana kwamba bendera ya Mwingereza ilipoteremshwa mtu huyu hakubaki na jambo la kusimuliwa, ilhali aliishi miaka 40 zaidi na mingi kati ya hiyo aliipitisha gerezani au uhamishoni.

Nianze na sauti, maana kitabu cha kusikiliza, hata kiwe kimeandikwa vizuri namna gani, msomaji mbovu hukiharibu. Msomaji wa kitabu hiki ni mwanamke mwenye sauti nzito kiasi, asiyeharakisha, na ambaye ni dhahiri alijifunza kuyatamka majina kabla ya kuingia studio. Herufi ya kwanza ya Khudai na ya Khidmatgar anaitoa kooni, kama tunavyoitoa sisi katika “sabalkheri”, na jambo hilo dogo lilinifungulia mlango nisioutarajia. Khudai Khidmatgar, jina la jeshi lisilo na silaha aliloliunda Badshah Khan, maana yake ni Watumishi wa Mungu, na ndani ya neno khidmat msikilizaji wa Kiswahili analitambua neno lake mwenyewe, huduma, kwa kuwa yote mawili yametoka katika Kiarabu. Ndivyo ilivyo pia kwa sabr, ambayo kwetu ni subira. Na ndivyo ilivyo kwa badal, sheria ya kisasi iliyowafanya Wapashtuni wauane ukoo kwa ukoo kwa vizazi na vizazi, ambayo kwetu imebaki kuwa badala: damu badala ya damu. Mwandishi hakuyaeleza haya, wala hakuwa na sababu ya kuyaeleza kwa wasomaji aliowakusudia, lakini kwa msikilizaji anayewaza kwa Kiswahili maneno hayo matatu peke yake yanatosha kumweka karibu na kijiji cha Utmanzai.

Huko Utmanzai, katika wilaya ya Charsadda kwenye bonde la Peshawar, ndiko alikozaliwa, takriban mwaka 1890, kwa kuwa siku za kuzaliwa hazikuwa zikiandikwa. Baba yake, Behram Khan, alikuwa mwenye mashamba na mtu aliyeheshimika. Alimpeleka mwanawe katika shule ya wamisionari mjini Peshawar, ijapokuwa mamullah walipinga vikali. Sura ya pili inaeleza kwa utulivu jinsi kijana huyu mrefu, mwenye kifua kipana, alivyopewa nafasi ya kuwa afisa katika Guides, kikosi teule cha jeshi la Mwingereza, heshima ambayo wana wengi wa makhan, yaani machifu, waliitamani, na jinsi alivyoikataa baada ya kumwona afisa Mpashtuni akidhalilishwa mbele yake na Mwingereza wa cheo cha chini. Kaka yake, aliyekuja kujulikana kama Dkt. Khan Sahib, alikuwa tayari Uingereza akisomea udaktari. Mdogo alipotaka kumfuata, mama yao alikataa, kwa kuwa alikwisha kuona kwamba mtoto anayekwenda huko harudi vile alivyoondoka. Msomaji anaisoma sehemu hii bila kuigiza kilio. Anaacha kimya kifupi baada ya jibu la mama, kisha anaendelea, na mimi nikasimamisha simu kwa muda kabla ya kuendelea naye.

Aliyekosa safari ya Uingereza akabaki kijijini, na mwaka 1910, akiwa na umri wa miaka 20 tu, akafungua shule. Ninaomba msikilizaji auzingatie mwaka huo, kwa sababu nitaurudia. Alifanya kazi pamoja na Haji Sahib wa Turangzai, mpigania uhuru aliyekuwa akianzisha shule zisizo za serikali, na Waingereza walipozifunga shule hizo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, yeye akashika njia akatembea kijiji baada ya kijiji, mpaka vijiji kama 500 vikawa vimemsikia akizungumza juu ya elimu, usafi, na kuacha visasi. Ni katika miaka hiyo watu walipoanza kumwita Badshah Khan, au Bacha Khan kwa matamshi ya kwao, yaani mfalme wa makhan. Mke wake wa kwanza alifariki mwaka 1918 katika janga la homa ya mafua. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe akakamatwa kwa kupinga sheria ya Rowlatt, iliyomruhusu Mwingereza kuwafunga watu bila kuwafikisha mahakamani, na tangu hapo gereza likawa sehemu ya kalenda ya maisha yake: alifungwa tena mwishoni mwa mwaka 1921, akatoka mwaka 1924. Kitabu kinaipitia miaka hiyo haraka kidogo, lakini hakikosei.

Sura ninayoipenda kuliko zote ni ya nane, inayohusu kuanzishwa kwa Khudai Khidmatgar mwaka 1929. Wengi wetu tumesikia kwamba waliitwa Mashati Mekundu, na Waingereza walilitumia jina hilo kuwatisha watu kwamba hao ni Wabolsheviki. Kitabu kinakwenda kwenye kitambaa chenyewe. Wanachama wa mwanzo walivaa mavazi meupe ya kusokotwa kwa mkono, na meupe yakawashinda, kwa kuwa vumbi la njiani liliyachafua kabla ya siku kuisha na wengi wao walikuwa maskini. Ndipo baadhi yao wakayapeleka mashati yao mahali pa kutengenezea ngozi, wakayachovya katika maji ya magome ya msonobari yanayotumika kulainishia ngozi, na yakatoka na rangi iliyo kati ya udongo wa matofali na damu iliyokauka. Wenzao wakapendezwa, wakafanya vivyo hivyo. Rangi iliyokuja kuitia serikali kiwewe ilianzia katika pipa la mtengeneza ngozi, kwa sababu ya shida ya kufua.

Baada ya hapo msomaji anakisoma kiapo cha Watumishi wa Mungu, kifungu kwa kifungu. Mwanachama aliapa kwamba, kwa kuwa Mungu hahitaji kuhudumiwa, atamhudumia kwa kuvihudumia viumbe vyake; kwamba hatatumia nguvu wala kulipiza kisasi; kwamba atamsamehe anayemdhulumu; kwamba ataishi maisha ya kawaida na kutoa angalau saa mbili kila siku kwa kazi za jamii. Walipangwa kijeshi, wakawa na vyeo, bendera, ngoma na gwaride, na kazi waliyopewa ilikuwa kufagia vijiji, kufungua shule na kuwapatanisha waliogombana. Ni lazima mtu afahamu uzito wa kiapo hicho kwa Mpashtuni wa siku zile. Mwanamume aliyeachia kisasi alihesabiwa kuwa amepoteza heshima yake na ya ukoo wake, na Badshah Khan alimwendea mtu kama huyo na kumwambia kwamba subira ndiyo iliyokuwa silaha ya Mtume alipokuwa Makka, hivyo hakuna geni lolote Mwislamu akiishika. Hakuwaomba wauache ushujaa. Aliwaomba wauonyeshe kwa namna iliyo ngumu zaidi.

Ugumu huo ulijulikana tarehe 23 Aprili 1930. Asubuhi ya siku hiyo alikamatwa akiwa njiani kuelekea Peshawar, na mjini umati ukakusanyika katika soko la Qissa Khwani, Soko la Wasimulizi wa Hadithi, kulalamikia kukamatwa kwa viongozi. Magari ya deraya yakaingia kwa kasi, watu wakakanyagwa, kisha risasi zikaanza. Kitabu kinaitoa takriban saa nzima kwa siku hii moja, na hakuna dakika iliyozidi. Tunawasikia watu wakisogea mbele wakati waliotangulia wanaanguka. Tunawasikia pia askari wa kikosi cha Garhwal, Wahindu waliotakiwa kuwafyatulia risasi Waislamu wasio na silaha, wakikataa amri. Askari hao walishtakiwa katika mahakama ya kijeshi, na kiongozi wao, Chandra Singh Garhwali, akahukumiwa kifungo cha maisha. Kuhusu waliouawa, kitabu kina uadilifu wa kutoa hesabu zote mbili, ya serikali iliyokiri vifo vipatavyo 30, na ya wananchi iliyohesabu mamia. Baada ya siku hiyo serikali ilitarajia vuguvugu life. Badala yake wanachama waliongezeka wakawa makumi elfu, na baadaye inasemekana walizidi 100,000.

Mpaka hapo sina ninachokidai kitabu hiki isipokuwa ramani. Duka liliahidi faili la ziada lenye ramani na picha, na faili hilo halikuwemo. Si jambo dogo kwa msikilizaji, ambaye hana ukurasa wa kurudia kuutazama. Anapoambiwa kwamba Charsadda iko kaskazini-mashariki ya Peshawar, kwamba Bannu iko mbali kusini, na kwamba Njia ya Khyber inapanda kuelekea Afghanistan, anahitaji kuviona vitu hivyo ili aelewe kwa nini Mwingereza aliliogopa jimbo hili kuliko mengine, akalitawala kwa kanuni za peke yake zilizomruhusu kuadhibu kijiji kizima kwa kosa la mtu mmoja. Nilitafuta ramani ya zamani mwenyewe, nikaibandika ukutani, na ninamshauri kila atakayenunua afanye hivyo kabla ya sura ya kwanza.

Sasa nifike kwenye kivuli. Kuanzia sura ya 10 mwandishi anaanza kumwita Gandhi wa Mpakani, jina alilobandikwa na watu wa India, na hachoki kulitumia. Sura nzima, dakika 50, imetolewa kwa maandamano ya chumvi ya mwaka 1930, Gandhi alipotembea hadi baharini kuivunja sheria ya chumvi ya Mwingereza, safari ambayo Badshah Khan hakuwemo. Ni simulizi nzuri, na mahali pake ni kitabu kingine. Heshima iliyokuwepo kati ya watu hawa wawili ilikuwa ya kweli na ya kina: mwaka 1934, alipofunguliwa na kupigwa marufuku kukanyaga jimbo lake, alikaa na Gandhi huko Wardha, na mwaka 1938 Gandhi akaja kuwatembelea Watumishi wa Mungu vijijini kwao. Lakini shule ya Utmanzai ilifunguliwa mwaka 1910, wakati Gandhi alikuwa bado Afrika Kusini. Anayesema kwamba mwanga ulitoka India ukaenda mpakani hana budi kuueleza mwaka huo.

Kuna na mambo mawili ambayo kitabu chenyewe kinayataja kisha kinayapita bila kuyapima. La kwanza ni kwamba Khudai Khidmatgar, walipokandamizwa mwaka 1930, waliwaendea kwanza Waislamu wenzao wa chama cha Muslim League kuomba msaada, wakaukosa, ndipo wakageukia Congress, chama cha Gandhi kilichopigania uhuru wa India. Walijiunga nacho kama watu wenye chombo chao tayari. La pili ni la mwaka 1940: Congress ilipokuwa radhi kuunga mkono vita ili ipewe uhuru, Badshah Khan alijiuzulu kutoka kamati yake kuu, kwa kuwa kwake kuacha silaha hakukuwa mbinu ya kumshinda Mwingereza tu, bali kiapo mbele ya Mungu. Mwanafunzi anayemwiga mwalimu hafanyi hivyo. Nilisikitika kuona mwandishi ameushika ushahidi huu mkononi na bado ameandika kama vile hakuuona.

Mwaka 1947 umesimuliwa vyema, ingawa kwa ufupi. Badshah Khan aliupinga hadi mwisho mgawanyo wa India kuwa nchi mbili, India na Pakistan, na Congress ilipoukubali bila ya kuwashauri watu wa mpakani, alimwambia Gandhi kwamba wametupwa kwa mbwa-mwitu. Wapashtuni waliitwa katika kura ya maoni mwezi Julai wachague India au Pakistan. Walichokiomba huko Bannu mwezi Juni, nafasi ya tatu ya kuwa na nchi yao Wapashtuni, hawakupewa, nao Khudai Khidmatgar wakasusa. Kura 289,244 zilikwenda Pakistan na 2,874 India, huku karibu nusu ya wapigakura hawakujitokeza. Msomaji anazitamka tarakimu hizo taratibu, moja moja, na nadhani ni uamuzi wa busara.

Kisha kitabu kinaanza kukimbia. Sura nne za mwisho zinabeba miaka 40. Mwezi Februari 1948 Badshah Khan aliapa utii kwa Pakistan katika bunge la kutunga katiba, na miezi minne baadaye akakamatwa na nchi hiyohiyo aliyoiapia. Alikaa ndani mpaka mwaka 1954. Khudai Khidmatgar walipigwa marufuku, na makao yao makuu ya Sardaryab yakabomolewa. Alipotoka akapinga mpango wa kuyaunganisha majimbo yote ya Pakistan ya Magharibi kuwa jimbo moja, akafungwa tena, huku kaka yake, Dkt. Khan Sahib, akiwa ndiye waziri mkuu wa jimbo hilo jipya. Ndugu wawili waliolelewa nyumba moja, mmoja kwenye kiti cha serikali na mwingine akipinga kiti hicho kuwepo: hapo pana sura nzima inayolilia kuandikwa, na kitabu kimeipa aya mbili, pamoja na kuuawa kwa Dkt. Khan Sahib mjini Lahore mwaka 1958.

Kifungo cha utawala wa kijeshi, ambacho ndani yake shirika la Amnesty International lilimtangaza kuwa mfungwa wa mwaka 1962, kimetajwa katika sentensi moja. Uhamisho wa Afghanistan kuanzia 1964 hadi 1972, safari ya India ya mwaka 1969 alipofunga kula kwa huzuni ya ghasia za Wahindu na Waislamu, kukamatwa tena na serikali ya kiraia mwaka 1973, na Bharat Ratna ya mwaka 1987, nishani ya juu kabisa ya kiraia ya India, ambayo hakuna asiye raia wa India aliyewahi kuipewa kabla yake, vyote vimepangwa kama orodha ya vituo vya garimoshi. Huyu ni mtu aliyekaa gerezani karibu theluthi ya maisha yake, na sehemu kubwa ya kifungo hicho alifungwa na Waislamu wenzake katika nchi iliyokwisha kuwa huru. Nilikinunua kitabu ili nijue hasa alivyoyastahimili hayo. Kumsamehe mgeni anayekutawala ni jambo moja. Moyo unaoweza kumsamehe jirani aliyerithi funguo za mgeni huyo nao unahitaji kusimuliwa.

Mazishi yamenusurika. Alifariki Peshawar tarehe 20 Januari 1988, na kwa wosia wake akazikwa Jalalabad, upande wa Afghanistan, vita dhidi ya jeshi la Kisovieti vikiwa vinaendelea. Pande zilizopigana zilisimamisha mapigano ili maiti ipite, makumi elfu ya watu wakaivuka Njia ya Khyber, na hata hivyo mabomu yalilipuka karibu na mahali pa mazishi yakaua watu. Msomaji anayaweka mambo hayo mawili pamoja bila kuongeza neno.

Limebaki suala la huduma. Sura ya 18, inayohusu mwezi Agosti 1948, ilikuja mbovu. Baada ya dakika mbili sauti ilikatika, na faili likarukia sura ya 19. Niliwaandikia wauzaji siku hiyohiyo, nikajibiwa kwa ujumbe uliotungwa tayari ulioniagiza nizime simu na kuiwasha. Nikaandika tena nikiambatanisha sekunde hasa ambapo sauti inakatika. Wakaomba risiti, nikaituma. Wakaniambia wangenirudishia fedha iwapo ningekifuta kitabu kizima. Sikutaka fedha. Nilitaka kusikia kilichotokea Babrra. Faili jipya lilifika siku ya tisa, bila maelezo wala radhi, na faili la ramani halijafika mpaka leo. Kwa bidhaa yenyewe ninatoa nyota nne, kwa duka mbili, na anayenunua azijaribu sura zote mara tu anapozipakua, wakati muda wa kudai haujapita.

Usiku lilipofika faili hilo nilizima taa nikasikiliza. Ni tarehe 12 Agosti 1948, huko Babrra, Charsadda, siku mbili kabla ya Pakistan kutimiza mwaka mmoja. Watumishi wa Mungu wamekusanyika kulalamikia kufungwa kwa Badshah Khan, hawana silaha, na polisi wa serikali ya jimbo wanafyatua risasi. Serikali ilitangaza vifo takriban 15. Wenyewe walihesabu vilivyofika mamia. Inasimuliwa kwamba wanawake walitoka majumbani wakiwa wamebeba misahafu juu ya vichwa vyao ili risasi zikome, na risasi hazikukoma. Sura yote, tangu msomaji anapotaja kichwa chake hadi kimya cha mwisho, ina dakika 11.